MWILI NI MTAJI: TUJIFUNZE KUANGUKA

Mji wa Katoro, katika Wilaya ya Geita, ni mji wa watu wanaokula kwa nguvu za miili yao. Alfajiri, kabla jua halijapanda, njia za kwendea Lwamgasa na Nyarugusu hujaa vijana waendao kwenye maduara ya dhahabu. Wengine hushika zamu kwenye makarasha ya kusagia mawe, wengine hubeba viroba begani, wengine huendesha bodaboda, na akina mama huinama kutwa nzima sokoni na mialoni. Wengi wao hawana akiba benki, wala hawana malipo ya uzeeni yanayowangoja. Mtaji wao ni mgongo, magoti, mabega na viganja. Siku mtaji huo ukivunjika, biashara imefungwa.

Kwa sababu hiyo twapenda leo kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa mara ya kwanza laweza kuonekana kuwa la anasa kwa mji wa namna hii, nalo ni mchezo wa kujihami uitwao aikido. Twasema tangu mwanzo kwamba nia yetu si kusifu cha wageni kwa kuwa ni cha wageni. Nia yetu ni kuuliza swali moja ambalo, kwa maoni yetu, halijaulizwa vya kutosha na wale wanaowahimiza vijana wetu kufanya michezo ya kupigana: je, kijana anayeanza mchezo huu leo akiwa na miaka 18, ataweza kuucheza akiwa na miaka 60? Na ikiwa hataweza, je, atakuwa ameachiwa mwili wa kufanyia kazi?

Vijana wengi wa Katoro wamekwisha kuiona aikido bila kulijua jina lake. Katika vibanda vya kuonyeshea filamu wamemwona Steven Seagal, Mmarekani aliyekuwa akifundisha mchezo huo mjini Osaka kabla ya kuanza kutoa filamu mwaka 1988, akiikunja mikono ya majambazi mpaka ikavunjika kama vijiti vya muhogo. Lakini filamu ni filamu. Katika ukumbi wa kweli, mtu amvunjaye mwenzake mkono hasifiwi hata kidogo. Huonekana kuwa hakuelewa alichofundishwa.

Mwanzilishi wa mchezo huu ni Morihei Ueshiba, aliyezaliwa mwaka 1883 katika mji wa Tanabe, nchini Japani. Alikuwa mtu mfupi wa kimo. Alikuwa askari katika vita vya Japani na Urusi vya mwaka 1904 na 1905, na mwaka 1915 alikutana na Sokaku Takeda, mwalimu mkali wa mapigano ya zamani ya mikono mitupu, akawa mwanafunzi wake. Mapigano hayo yalikuwa ya kuua na kulemaza. Alichofanya Ueshiba katika miaka iliyofuata ni kuyageuza yawe njia ya kumdhibiti mtu pasipo kumharibu. Mwaka 1930 Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alikwenda kumtazama akifundisha, akavutiwa kiasi cha kuwatuma baadhi ya wanafunzi wake wakajifunze kwake. Jina la aikido lilianza kutumika rasmi mwaka 1942. Maana yake ni njia ya kupatana na nguvu ya uhai. Ueshiba alifariki mwezi Aprili mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 85, na hata katika miaka yake ya mwisho alikuwa bado akisimama mbele ya wanafunzi.

Yafaa tueleze kidogo jinsi mchezo unavyokwenda. Watu wawili husimama wakitazamana. Mmoja hushambulia: humshika mwenzake kifundo cha mkono, au humjia kwa pigo la kichwani. Mwenzake hashindani naye nguvu kwa nguvu. Hujiondoa katika njia ya pigo, hugeuka, huifuata nguvu ya mshambuliaji kule inakokwenda, kisha huiongoza mpaka mshambuliaji anapoteza mizani na kuanguka, au anabanwa mkono chini kwa utulivu. Baada ya mara nne hivi wanabadilishana: aliyeangusha sasa ndiye aangushwaye. Katika tawi kubwa la mchezo huu, lenye makao yake makuu mjini Tokyo, hakuna mashindano, hakuna mshindi, wala hakuna kikombe. Mwanafunzi wa Ueshiba aitwaye Kenji Tomiki ndiye aliyeanzisha tawi lenye mashindano, lakini wengi hawakumfuata.

Tazama basi matokeo ya utaratibu huo. Mahali pasipo mshindi, mzee wa miaka 60 aweza kufanya mazoezi na kijana wa miaka 20, mwanamke na mwanamume, mwembamba na mnene, kwa kuwa kila mmoja hupimwa kwa kadiri ya mwenzake aliye mbele yake. Katika ngumi, mzee ataambiwa akae pembeni atazame. Nasi tusisahau kwamba katika ngumi kichwa ndicho shabaha. Tangu mwaka 1928, daktari Harrison Martland wa Marekani alipoandika juu ya mabondia waliopotewa na akili na miguu yao kwa mapigo ya miaka mingi, ulimwengu umekuwa ukijua kwamba ubongo haufanyiwi matengenezo. Hatusemi ngumi zipigwe marufuku. Twasema tu kwamba mzazi anayempeleka mwanawe ulingoni ajue anachokiuza na bei yake.

Hata hivyo hatutaki kumdanganya msomaji. Wako watu waitangazao aikido kana kwamba haimwumizi mtu yeyote. Hiyo si kweli. Mwaka 2005 jarida moja la utabibu wa michezo la Uingereza lilichapa uchunguzi uliofanywa kwa watu 263 wa michezo mitano ya kujihami. Katika muda wa mwaka mmoja, watu 59 katika kila 100 wa taekwondo walipata maumivu ya kuwafanya waache mazoezi kwa muda. Wa aikido walikuwa 51. Wa kung-fu 38. Wa karate 30. Na wa tai chi, ule mchezo wa Kichina wa mwendo wa polepole, walikuwa 14 tu. Naam, aikido ilikuwa ya pili kwa wingi wa walioumia! Tena uchunguzi huo ulionyesha kuwa watu wazima waliumia zaidi kuliko watoto, na wafanyao mazoezi zaidi ya saa tatu kwa juma waliumia zaidi kuliko wengine. Na huko Japani kwenyewe, vijana wa vyuo vikuu wamekwisha kufa kwa kuangushwa chali na kugonga visogo, mikononi mwa wakubwa wao waliotaka kuonyesha ubabe.

Je, habari hizo zavunja hoja yetu? Sisi twaona kwamba zaitia nguvu, maana zatufundisha kwamba usalama haumo katika jina la mchezo. Umo katika namna ya kuufundisha. Kisu kilekile kinachomenya muhogo ndicho kinachokata kidole. Mkono ukikunjwa taratibu, na mwenzako akapiga kofi sakafuni kuashiria kwamba imetosha, nawe ukaachia papo hapo, hakuna kiungo kinachodhurika. Mkono huohuo ukikunjwa kwa hasira au kwa kujionyesha, kifundo kimekwisha. Mchezo usio na mashindano unampa mwalimu nafasi ya kuwa mpole. Haumlazimishi kuwa hivyo. Kwa hiyo atakayetaka kuuleta mchezo huu Katoro na aanze na mwalimu, kabla hata ya kufikiria mavazi na mikanda.

Sasa tufikie jambo ambalo kwetu ndilo kiini cha maneno haya yote. Somo la kwanza la aikido, kama lilivyo somo la kwanza la judo, ni kuanguka. Kuangusha huja baadaye. Mwanafunzi huanza akiwa amechuchumaa. Huinamisha kidevu kifuani ili kisogo kisiguse chini, huukunja mkono wake uwe kama upinde, kisha hujiviringisha kutoka mkononi mpaka begani, na kutoka begani kukatiza mgongo mpaka kwenye nyonga ya upande wa pili. Akiyaweza hayo, hupiga magoti na kuyarudia. Akiyaweza tena, husimama. Miezi ya kwanza yaweza kupita pasipo jambo jingine kubwa. Kijana mwenye haraka hulalamika kwamba hakuja kujifunza kugaagaa kama punda. Lakini mtu amejifunza nini katika miezi hiyo? Amejifunza kuigawa ardhi katika mwili mzima, badala ya kuipokea yote kwa kiganja kimoja au kwa mfupa mmoja.

Wahenga walisema, kuteleza si kuanguka. Nasi twaongeza kwamba kuanguka si lazima kuwe kuvunjika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka. Hiyo ni sababu ya pili ya vifo vya ajali, nyuma ya ajali za barabarani. Zaidi ya watu 80 katika kila 100 wa hao hufia katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu, na kundi linalopoteza watu wengi zaidi ni la wale waliopita umri wa miaka 60. Mtu mmoja katika maelfu ndiye atakayekutana na jambazi gizani. Lakini ni nani kati yetu ambaye hataanguka? Mchimbaji huteleza kwenye ngazi ya duara, bodaboda hupinduka kwenye changarawe, bibi huteleza kwenye matope ya masika akitoka kuteka maji. Adui mkubwa wa mwili ni ardhi, wala hachagui usiku au mchana.

Tena jambo hili limepimwa, halikubahatishwa. Mwaka 2007 wataalamu wa Nijmegen, Uholanzi, waliwapima wacheza judo waliojiangusha upande wakiwa wamepiga magoti. Walipoanguka kwa namna ya kujiviringisha, nguvu iliyogonga nyonga ilipungua kwa zaidi ya robo kuliko walipojaribu kujizuia kwa mkono. Robo hiyo si kidogo. Nyonga ikivunjika Katoro, safari yaweza kuwa mpaka Hospitali ya Bugando, Mwanza. Na ingawa tangu mwaka 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi limeondoa adha ya kungoja kivuko, bado kuna nauli, kitanda, mwuguzaji aliyeacha shamba lake, na miezi ya kukaa bila kazi. Ng'ombe wangapi wameuzwa kwa mfupa mmoja?

Tunajua wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wajapani, nasi tuna ngoma zetu. Jibu letu ni kwamba ngoma zetu ndizo zitakazotusaidia kuyaelewa. Nchi ya Usukuma haihitaji kufundishwa na mtu kwamba mwili hufunzwa kwa kundi na kwa mdundo. Vyama vya Bagika na Bagalu vimekuwa vikifundisha vijana kwa vizazi, na wacheza bugobogobo hurusha majembe wakayadaka bila kumjeruhi jirani, kwa sababu kila mmoja amemzoea mwenzake na anaujua wakati wake. Huo ndio moyo wa mchezo tunaousema: kujua nguvu ya mwenzako inakuja lini, na kuipokea bila kuumia wala kuumiza. Wala si jambo geni katika nchi yetu kupokea michezo kutoka Mashariki. Karate imefundishwa Dar es Salaam tangu miaka ya 1970, na huko Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amewafundisha vijana judo tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Mtu aliyefunzwa kuanguka na walimu wa judo wa Zanzibar amekwisha kushika nusu ya somo letu. Hata kwa majirani zetu wa Ethiopia, katika mji wa Hawassa, vijana wa kikundi cha maigizo na sarakasi, waliokuwa wakiwaelimisha wenzao juu ya UKIMWI, waliichukua aikido wakisaidiwa na Donald Levine, profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago aliyefariki mwaka 2015. Wale hawakuwa matajiri kuliko sisi.

Wako pia watakaouliza: je, mchezo huu utamsaidia mtu mbele ya panga? Twajibu bila kuzunguka. Mbele ya panga, mwenye akili hukimbia, na mwalimu yeyote wa kweli atasema hivyo. Lakini ugomvi mwingi wa mijini mwetu hauna panga. Ni mlevi aliyemshika mwenzake shati kilabuni, ni ndugu wawili wanaogombea mgawo wa mawe, ni kijana aliyepandwa na hasira sokoni. Hapo sheria ya nchi inamruhusu mtu kujitetea, lakini kwa nguvu zisizozidi kiasi kinachohitajika. Mwenye kujua ngumi tu hana jibu jingine ila ngumi, na ngumi moja yaweza kumpeleka mmoja kaburini na mwingine gerezani. Mwenye kujua kumshika mtu, kumgeuza na kumtuliza chini ana jibu la tatu kati ya kupiga na kupigwa.

Nasi twakumbuka kwamba sungusungu walizaliwa katika nchi hii hii ya Shinyanga na Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi walipochoshwa na wezi wa ng'ombe. Ulinzi wa wananchi ni jambo la heshima. Lakini heshima hiyo huchafuka pale mshukiwa anapofikishwa kituoni akiwa maiti. Mlinzi anayeweza kumdhibiti mtu bila kumvunja ni mlinzi anayeisaidia mahakama, maana mshukiwa aliye hai ndiye awezaye kuulizwa maswali, na asiye na hatia ndiye awezaye kurudi kwake. Twaona kwamba walinzi wa vijiji na mitaa wangekuwa watu wa kwanza kufaidika na mafunzo ya namna hii.

La mwisho ni la gharama. Mikeka ya Kijapani ni ghali, hilo ni kweli. Lakini Geita ni nchi ya mpunga, na kwenye vinu vya kukoboa pumba hulala chungu nzima. Pumba zikitandazwa sawasawa ndani ya fremu ya mbao, zikashindiliwa, kisha zikafunikwa kwa turubai lililokazwa imara pande zote, hapo pana pa kuangukia. Maranda ya mafundi seremala yafaa vilevile. Darasa moja la shule, saa za jioni, mara mbili kwa juma, latosha kwa kuanzia.

Basi twapendekeza mambo manne. Kwanza, viongozi wa mji wa Katoro, pamoja na afisa michezo wa Halmashauri ya Wilaya ya Geita, watafute mwalimu aliyefuzu, awe wa aikido au wa judo, aje kwa muda awafunze watu wachache watakaobaki wakifundisha wengine. Na kikundi kiandikishwe kama sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967 inavyotaka. Asipewe ukumbi mtu aliyejifunza kwa kutazama simu. Pili, miezi mitatu ya kwanza iwe ya kuanguka tu, na asiyeweza kuanguka asiangushwe. Tatu, mazoezi yasizidi saa tatu kwa juma kwa watu wanaobeba mawe mchana kutwa, maana mwili uliochoka ndio unaoumia. Na wazee, pamoja na wenye magoti mabovu, wasamehewe yale mazoezi ya Kijapani ya kutembea kwa magoti. Nne, wazee na akina mama waalikwe tangu siku ya kwanza, wasiitwe baadaye kama wageni. Ukumbi ambao bibi anaogopa kuuingia ni ukumbi uliokwisha kuharibika.

Dhahabu ya Geita ina mwisho wake, kama ilivyo kila dhahabu. Duara hukauka, na wachimbaji huhamia kwingine. Mwili hauna pa kuhamia. Tuliopewa ni mmoja, nao hutakiwa kutufikisha uzeeni, kulima, kubeba wajukuu, na kwenda msikitini au kanisani bila kushikwa mkono. Tunawahimiza wananchi wa Katoro wautunze kama mchimbaji anavyotunza nguzo za duara lake, na waanze kwa somo lile dogo ambalo kila mtoto alilijua kabla hajafundishwa kuogopa: kuanguka, kujiviringisha, na kusimama tena.